Nafasi ya Mama Ubavuni mwa Baba

Saint Paul, Minnesota

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo Dada. Pokea salamu za mdogo wako Hamisi, ambaye bado anapumua na bado anaamka kwenda kazini. Kwa huku hiyo ndiyo afya yenyewe. Nyinyi huko mna hali gani? Goti lako limekubali kupanda ngazi, au bado unamtuma mtu dukani? Na Mama, macho yake yanaonaje? Nijibu hayo kwa ukweli, maana kila nikipiga simu naambiwa "wote wazima", na uzima wa kwenye simu nimeacha kuuamini.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Nimeandika kwa sababu simu yako siku hizi iko mikononi mwa mdogo wetu Bakari. Nikipiga anapokea yeye. Nikisema nipe Dada, anasema uko jikoni. Kwani unapika chakula cha harusi kila siku? Basi hii nimempa muuguzi mmoja wa Kikenya anayefanya kazi hospitali ya Maplewood. Anakwenda kwao Mombasa, na ana shangazi yake hapo Tanga, ameniahidi ataivusha mpaka wa Horohoro mwenyewe na kukutia mkononi. Usiisome mbele ya Bakari. Ukimaliza, msomee Mama, yeye peke yake.

Jambo lenyewe ni kaburi la Baba.

Mwezi uliopita Bakari alinitumia picha kwenye simu. Kaburi la Baba, pembeni vijiti vimechomekwa na kamba zimevutwa, na nyuma yake lundo la matofali. Nikampigia palepale.

"Kaka, umeuona msingi?"

"Msingi wa nini?"

"Wa kuba ya Baba. Nguzo nne, kuba juu yake, vigae vyeupe kote. Nimewaonyesha mafundi ile picha yako umesimama chini ya msikiti. Nikawaonyesha na Taj Mahal. Wamesema wanaweza."

"Nani kakutuma?"

"Sasa Kaka, wewe unawajengea Wahindi kuba huko Marekani, halafu baba yako mwenyewe kalala kwenye mchanga kama kuku aliyekufa kwa mdondo? Watu wanatucheka."

"Watu gani?"

"Watu, Kaka. Watu!"

Dada, mimi shule niliiachia darasa la sita, lakini kamba ya msingi nikiiona najua ukuta utapita wapi. Niliikuza ile picha kwa vidole. Kijiti cha upande wa kulia kimechomekwa pale Mama alipopanda asumini. Pale pana mwenyewe. Mama alipataja siku ileile tulipomzika Baba, nyinyi mkiwapo na mimi nikisikiliza kwenye simu: mimi nitalala hapa, ubavuni mwake, msinitafutie pengine. Nikamuuliza Bakari, hiyo nguzo umeiweka wapi?

"Pale penye asumini."

"Pale ni pa Mama."

"Mama tutamlaza ng'ambo ya njia, kwa kina Bibi. Nafasi tele. Kaka, wewe ni fundi, hivi hujui kuba haikai upande? Lazima Baba awe katikati sawasawa. Hukuiona Taj Mahal? Kushoto kama kulia, kila kitu sawasawa."

"Na Mama kasemaje?"

"Kasema fanyeni mnavyoona."

Wewe na mimi tunajua Mama akisema "fanyeni mnavyoona" maana yake nini. Ndivyo alivyosema siku Baba alipomgawia shangazi cherehani ya Mama, kisha hakushona tena maisha yake yote, hata kifungo. Bakari alikuwa mdogo, hakuyaona. Akaniambia zege litamwagwa baada ya Idi, na kwamba mimi nitoe saruji na vigae. Nikakata simu, maana maneno yaliyonijia hayakuwa ya kumwambia mtoto wa mama yangu.

Lakini jibu ninalo. Nimelipata hapahapa, kwa mtu aliyezijua kuba hizo kwa mikono yake, na sasa hayupo. Vumilia nikueleze, maana ukimweleza Bakari nusu nusu atakuzungusha.

Ule msikiti wa kwenye picha uko kaskazini ya mji, ukielekea Anoka. Wenyewe ni watu wa India na Pakistani, madaktari na watu wa kompyuta, watu wa majumba makubwa. Walitaka msikiti kama ile ya wafalme wao wa zamani wa Kimughali, waliotawala Delhi na Agra na Lahore: lango refu kama la kupitisha tembo, kuba tatu zilizovimba tumboni na kubanwa shingoni, na jiwe jekundu kila mahali. Kampuni yetu ndiyo iliyopewa kupiga lipu. Jiwe jekundu lenyewe hatukuliona. Tulipiga lipu ya saruji iliyotiwa rangi, halafu kabla haijakauka tunaichora mistari kwa msumari, ili mtu akisimama mbali adhani ni mawe yamepangwa. Tulifanya hivyo katika baridi ambayo siwezi kukueleza ukanielewa. Jukwaa lote lilizungushiwa nailoni, ndani kukawashwa majiko ya gesi, usoni unaungua na mgongoni unaganda. Kuba zilikuja juu ya malori, zimetengenezwa kiwandani kwa faiba kama boti, zikanyanyuliwa na winchi. Ukizigonga zinalia kama pipa. Na ukiingia ndani kusali huzioni, maana chini yake imepigwa dari bapa ya jipsamu, la sivyo joto lote lingepanda juu na watu wangeganda kwenye sijda.

Hiyo ndiyo kuba niliyosimama chini yake nikapigwa picha, nikacheka. Sikucheka kwa furaha. Mpiga picha aliniambia cheka.

Aliyepiga ndiye mtu ninayetaka kukusimulia. Alikuwa mzee wa Agra, anaitwa Naimu, kazi yake kuchanganya rangi ya lipu. Mke alikwishakufa, mtoto wake mmoja yuko Dubai. Mimi sina gari, na basi halifiki kule, basi yeye ndiye aliyekuwa akinipitia asubuhi kwa gari lake bovu lisilotoa joto, tunafuta kioo kwa kadi ya simu. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, yeye chake na mimi changu, tukaelewana kuliko ninavyoelewana na Watanzania wa hapa. Zile kuba aliziita vitunguu vya plastiki. Siku nilipozicheka sana kwa sababu ya ile dari, alinikatiza.

"Usicheke, mwanangu. Hata kuba ya Taj Mahal ni mbili. Ile unayoiona nje siyo unayoiona ukiwa ndani. Katikati yake ni giza na popo."

"Popo wa huku si watakufa kwa baridi?"

"Huku popo haingii bila bima."

Ujana wake alifanya kibarua kwa mafundi waliokuwa wakikarabati makaburi ya wafalme kule kwao. Alichukua chokaa mgongoni, chokaa iliyotiwa sukari guru na maji ya dengu ili ishike. Siku hiyo tulikuwa kwenye kontena tunakunywa chai ya chupa, nikamwuliza, je, huyo mfalme wa Taj Mahal na mkewe wamelala kweli mle, au ni hadithi za watalii?

Akasema, "Wamelala, lakini si pale wanapopaona watu. Juu, penye marumaru na maua ya mawe ya rangi, pale ni patupu. Watu wanatoka mwisho wa dunia, wanalia, wanatupa maua na sarafu, wanalilia jiwe. Wenyewe wako chini. Kuna ngazi, kuna mlango unafungwa. Nimeingia na karai la chokaa. Chumba kidogo, kuta tupu, hewa nzito. Mtu akifa ni mtu tu."

Halafu akanichorea na kidole chenye rangi juu ya kipande cha jipsamu. Akachora duara, katikati akaweka alama. Akasema, huyu ni mke. Alikufa kwanza, nyumba yote ikajengwa kwa ajili yake, yeye ndiye katikati sawasawa. Kisha akaweka alama nyingine, kubwa zaidi, imebanwa pembeni. Huyu ni mfalme. Alipokufa walimleta wakamlaza ubavuni mwa mkewe, na hapakuwa na nafasi iliyopangwa. Katika jengo lote lile, ambako kushoto ni kama kulia hata kwenye majani ya bustani, kitu kimoja tu kimekaa upande, na hicho ni kaburi la mwenye mali.

"Wakaharibu mpangilio wote?" nikamwuliza.

"Wakauharibu. Ungekuwa wewe ungefanyaje, umtenge na mkewe kwa ajili ya kamba ya timazi?"

Hayo Dada ndiyo ya kumwambia Bakari. Mwambie picha aliyoiona simuni imepigwa kutoka nje. Mwambie ndani ya hiyo Taj Mahal yake mume amebanwa upande mmoja, juu na chini, ili alale na mkewe. Yeye anataka kumwiga mfalme kwa kufanya lile ambalo hata mfalme hakufanyiwa.

Sasa nikumalizie habari ya Naimu, maana ndiyo iliyonitoa hamu ya kuba mpaka leo.

Msikiti ulipofunguliwa walikuja wakubwa wa mji, pakapigwa hotuba na kukatwa utepe. Sisi mafundi tulipewa biriani kwenye maboksi, tukala ndani ya magari kwa sababu ya viatu vyetu vyenye lipu. Sikununa sana, nimezoea. Naimu ndiye aliyenuna. Alisema kwao fundi anakula kwanza. Baridi ilipokuwa kali kabisa akaanza kukohoa, akakaidi hospitali kwa kuogopa gharama, na alipokubali kupelekwa ilikuwa mapafu yamejaa. Alifia hospitali ya hapa Saint Paul. Nilikuwa naye. Mwanawe alinyimwa viza, alikuwa analia kwenye simu, ananiomba mimi, mtu asiyemjua, nimsitiri baba yake.

Nikampigia mwenyekiti wa ule msikiti, daktari wa moyo, mtu mpole kwa kweli. Nikamwambia fundi wako mmoja amefariki, tunamleta mumwoshe. Akasema, "Bwana Hamisi, ngoja nikupigie."

Alipopiga tena, sauti ilikuwa nyingine. Hawakuwa na pa kuoshea maiti. Dada, wamejenga lango la tembo, wamejenga hodhi la marumaru lenye maji ya kuruka, wana chumba cha kuwekea makoti na chumba cha mikutano chenye viti vya ngozi. Pa kumlaza mtu aliyekufa, wakamtia maji, hawana. Walimpa mchoraji picha za misikiti ya wafalme, naye akachora alichokiona kwenye picha. Kamati yote ya wasomi haikukumbuka. Na sitawasema wao peke yao, maana mimi nimepiga lipu kila chumba cha jengo lile, nimeingia na kutoka na mwiko mkononi, na sikuwahi kujiuliza.

Tukampeleka kwa Wasomali. Wana msikiti mjini, kwenye jengo lililokuwa duka la fanicha. Ukipita hujui kama ni msikiti. Paa bapa, vioo vya duka vimebandikwa karatasi, jirani yake wanauza matairi. Lakini nyuma kuna chumba chenye vigae, meza ya chuma, bomba, shimo la kupeleka maji, na kabati lenye sanda na kafuri. Mzee wa Kisomali anayeshika funguo alitufungulia bila kuuliza huyu wa kabila gani. Daktari naye alikuja, amesimama mlangoni na suti yake, anaona aibu ya kuingia na aibu ya kuondoka.

Yule mzee akamwuliza, "Wewe ndiye wa msikiti wa kuba?"

"Ndiyo, Shekhe."

"Mzuri sana. Nauona nikienda kwa binti yangu." Akamtupia aproni ya plastiki. "Haya, vua koti. Hata hao wafalme wenu walikuwa na mtu wa kuwaosha."

Akalivua. Tukamwosha watatu. Nilimshika Naimu kichwa, na Dada, kwenye mikunjo ya vidole vyake rangi nyekundu ya ile lipu haikutoka. Tulisugua na sabuni, na ndimu, na kucha zetu. Haikutoka. Tukamzika nayo.

Makaburini ardhi ilikuwa jiwe kwa baridi. Walitumia mashine ya kuvunjia, na waliweka sanduku la zege shimoni, kwa kuwa makaburi yale ndivyo yanavyotaka. Niliingia mimi kumpokea. Majirani zake mle ni watu asiowajua. Kushoto pamezikwa mtu, kulia pako wazi, pananunuliwa na atakayewahi. Niliposimama mle chini, na theluji inanidondokea shingoni, nilifikiri ndipo na mimi nitakapowekwa, katikati ya wageni, na atakayenipokea ni fundi mwenzangu akiwa hana zamu siku hiyo. Kurudi sitarudi karibuni, Dada. Mnaniuliza kila mara, na mimi nasema mwakani. Magoti yamekwisha, makaratasi hayajatengenea, na kazi hii ndiyo inayonilipia chumba. Kumzika Baba sikuja. Kumzika Mama, Mungu aicheleweshe siku hiyo, sijui kama nitakuja. Nimeshaukubali huo ubaya kwa upande wangu. Ila sitakubali Mama naye alazwe ng'ambo ya njia kwa sababu ya kuba, wakati nafasi yake ipo, ameichagua kwa mdomo wake, na iko kwao.

Kwa hiyo saruji sitoi. Vigae sitoi. Bakari akisema Hamisi amekuwa mchoyo Marekani, mwache aseme, na hao watu wake wacheke mpaka meno yawaanguke. Baba alikuwa fundi baiskeli, alikula chini kwenye mkeka, hakuwahi kulala chini ya dari, sasa kuba atamwonyesha nani? Yale matofali yaende nyuma ya nyumba, mjengee Mama choo cha karibu, asitembee na macho yale usiku. Hiyo kazi nitaichangia kwa moyo mweupe, na Bakari mwenyewe aisimamie, apate cha kusimamia. Si mtu mbaya yule. Anataka watu wamwone. Hata mimi nilitaka, ndiyo maana niliituma ile picha.

Nisalimie shangazi mwenye cherehani, mwambie simlaumu. Msalimie mjomba wa Pongwe na umpe pole ya ng'ombe wake. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama bado yu hai mwombe amsomee dua Naimu wa Agra, alitaje jina hivyohivyo. Wanao wote nawabusu, yule mkubwa mwambie asidanganywe na picha za huku. Mama mshikie mikono, umwambie mtoto wake ameelewa alichonyamazia.

Bakari utaongea naye kwanza kwa upole, wewe ndiye uliyembeba mgongoni. Akikubali, ng'oa vile vijiti siku hiyohiyo, usingoje kesho. Akikaidi, wasubiri mafundi waje na mashine ya zege, kisha mtoe Mama nyumbani, umbebee kiti kile cha kamba, umweke pale penye asumini, mahali pake, na wewe ukae chini karibu yake na kikapu cha mchele, mchambue. Msimtukane mtu, msimjibu mtu. Tumwone huyo atakayewamwagia zege miguuni.

Mdogo wako,
Hamisi